Chakula Hiki Kimepitia Wapi? Mwongozo wa Kusafiri kwa Meli ya Kitalii Ukiwa na Ugonjwa wa Siliaki

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye amekwisha kupimwa na daktari na kuambiwa kwamba ana ugonjwa wa siliaki, yaani ule unaomfanya mtu augue akila ngano na jamaa zake, anayeishi Dodoma au penginepo katika mikoa yetu ya kati, na ambaye kwa bahati au kwa mwaliko wa ndugu amepata nafasi ya kukaa siku kadhaa ndani ya meli ya kitalii. Mimi nilialikwa na dada yangu mkubwa aliyeolewa Durban, Afrika Kusini, na meli tuliyopanda ilitoka katika bandari ya mji huo, ikapanda pwani ya Msumbiji, kisha ikarudi. Wakati huo nilikuwa nimetimiza miaka minne bila kula gluteni, ile protini ya ngano na jamaa zake, na nilikwisha kujihesabu kuwa mjuzi. Siku ya tatu baharini niligundua kwamba ujuzi wenyewe ulikuwa wa jikoni kwangu tu.

Kwa yule ambaye bado hajapimwa, nina neno moja kabla ya kuendelea: usiache kula ngano mpaka vipimo viishe. Daktari hutafuta kwanza kingamwili fulani katika damu, kisha kwa kawaida huingiza kamera kupitia kinywani na kuchukua vipande vidogo vya ukuta wa utumbo mwembamba. Ukiacha ngano mapema, kingamwili hupungua na utumbo huanza kupona, na majibu yanaweza kuonyesha kwamba huna ugonjwa wakati unao. Wengi wetu tumetibiwa amiba, taifodi na upungufu wa damu kwa miaka kabla ya mtu yeyote kufikiria chapati, kwa hiyo kuharakisha kwa wiki chache hakuna faida.

Sasa tuingie kwenye kiini. Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, nafaka ya nchi za baridi inayofanana na ngano. Kwa mgonjwa wa siliaki, protini hiyo huufanya mwili ujishambulie wenyewe, na vijidole vidogo vya utumbo vinavyofyonza chakula hulala na kusagika. Kipimo cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kinakubali chakula kiitwe kisicho na gluteni kikiwa na miligramu zisizozidi 20 katika kila kilo. Madaktari wengi huona kwamba mgonjwa akibaki chini ya miligramu 10 kwa siku, utumbo wake kwa kawaida hauumii. Kipande kimoja cha mkate wa ngano kina takriban gramu mbili za gluteni, yaani miligramu 2,000. Piga hesabu mwenyewe: ukikigawa kipande hicho mara mia mbili, punje moja tu ya mgawo huo imekwisha kukumalizia posho ya siku nzima. Tena gluteni haifi kwa moto. Mafuta yanayochemka hayaiondoi, jiko la kuokea haliiondoi, na kile kimiminika cha kusafishia mikono kinachonuka spiriti hakiiondoi pia.

Ndiyo maana swali tulilozoea, la kama chakula hiki kina ngano, halitoshi. Mpishi atajibu kwa moyo safi kabisa kwamba wali hauna ngano, naye atakuwa anasema kweli. Swali la kuuliza ni hili: chakula hiki kimepitia wapi? Kimesagwa wapi, kimekaangwa katika mafuta ya nani, kimepakuliwa kwa kijiko gani?

Hatua ya kwanza: jizoeze kuuliza ukiwa bado nyumbani

Mtu wa Dodoma ana heri ambayo wagonjwa wa Ulaya hawana, kwa kuwa chakula cha asili cha Ugogo hakina gluteni hata chembe. Uwele, mtama, ulezi, mahindi, mchele na muhogo ni salama. Ugali wa uwele kwa mlenda na karanga ni mlo ambao daktari hawezi kuutia kasoro. Hata hivyo nafaka salama si lazima iwe unga salama, na somo hilo nililipata mashineni, mbali kabisa na bahari.

Nilikuwa nimebeba kilo kumi za mtama niliouchambua mwenyewe. Nilimwamkia mzee mwenye mashine, akaitikia, nikamuuliza kama siku hiyo alikuwa amesaga ngano.

“Ngano ilikuwa jana, mwanangu,” alisema, “na leo asubuhi mashine imepigwa brashi. Njoo uone.”

Alifungua kifuniko ili nione, na kwa hakika palikuwa pamesafishwa. Lakini nilipoinama kutazama upande wa chini wa chekeche, niliona utando mweupe ulioganda kwenye pembe kama chokaa. Mtama wangu ulikuwa mwekundu. Unga wa kwanza ulioanguka katika mfuko ulitoka mweupe, kisha ukageuka kijivu, na baada ya kama kilo mbili ndipo rangi ya mtama ilipotokea. Mzee hakunidanganya, kwa maana kwa mtu mwingine yeyote mashine ile ilikuwa safi. Tangu siku hiyo ninanunua nafaka nzima, ninaichambua kwenye ungo kwa sababu punje za ngano hujificha katika magunia yaliyowahi kubeba ngano, ninaiosha, ninaianika, kisha ninaisaga kwa mashine ndogo ya mkono ambayo haijawahi kuonja kitu kingine. Asiye na mashine hiyo ana kinu na mchi.

Fanya zoezi hilohilo mjini kwa muda wa mwezi mmoja kabla ya safari. Kwenye kibanda cha chipsi, uliza kama karai hilo ndilo lililokaangia sambusa asubuhi. Katika semina, ambako sisi wa Dodoma tumelelewa na bafe za kila wiki, tazama jinsi kijiko cha tambi kinavyohamia kwenye sahani ya wali mara tu foleni inapokuwa ndefu. Kwa mama lishe, uliza kama mchuzi wa kuku umetiwa unga ili uwe mzito. Uliza uji wa lishe umechanganywa na nini, kwani mara nyingi ulezi, mahindi, karanga na soya huwekewa ngano pia bila mtu kuitaja. Utaona aibu mara tatu za kwanza, na aibu hiyo ni afadhali uimalize mjini kwako kuliko kuianza mbele ya mhudumu asiyejua Kiswahili.

Hatua ya pili: wape taarifa mapema, na kwa maandishi

Makampuni mengi ya meli za kitalii yana fomu au anwani maalumu ya kupokea mahitaji ya chakula, na mengi hutaka taarifa hiyo wiki kadhaa kabla ya safari kwa sababu meli hupakia vyakula bandarini na haiwezi kutuma mtu sokoni ikiwa katikati ya bahari. Mimi nashauri miezi miwili. Usimwachie wakala wa tiketi kazi hiyo peke yake. Mwambie, naam, lakini pia iandikie kampuni mwenyewe, omba jibu la maandishi, na ulichapishe jibu hilo kwenye karatasi, maana simu huzima chaji wakati ule ule unapoihitaji.

Katika barua yako usiandike tu kwamba huli ngano. Maneno hayo humfanya msomaji adhani kwamba unapunguza uzito. Andika kwamba una ugonjwa wa siliaki, kwamba ni ugonjwa wa kinga ya mwili uliothibitishwa na daktari, kwamba umekatazwa ngano, shayiri na rai, na kwamba unahitaji chakula kitayarishwe kwa vifaa vilivyotengwa. Kisha uliza maswali yanayohitaji majibu halisi. Je, mkate usio na gluteni upo, na huchomwa katika toasta yake yenyewe? Je, ipo mashine ya kukaangia isiyoguswa na unga? Nani atakayekuwa msimamizi wa mlo wangu? Kampuni inayojibu swali la tatu kwa kutaja cheo cha mtu ni bora kuliko inayokuhakikishia kwamba usiwe na wasiwasi. Kwa kawaida huduma hii haitozwi ada ya ziada katika ukumbi mkuu wa chakula.

Iwapo meli inakupa uchaguzi kati ya kula chakula cha jioni saa yoyote upendayo na kula saa ileile kwenye meza ileile kila siku, chagua saa na meza zisizobadilika. Wengi hupenda uhuru. Kwetu sisi, uhuru huo maana yake ni kuanza upya kila jioni na mhudumu mgeni, ilhali meza moja maana yake ni mhudumu mmoja ambaye kufikia siku ya pili ameshalizoea jina lako na ugonjwa wako.

Hatua ya tatu: tengeneza kadi

Kadi ni kipande cha karatasi ngumu, ukubwa wa kitambulisho, unachompa mhudumu aende nacho jikoni. Haifai kumweleza mhudumu kwa mdomo pekee, kwa sababu maneno yako yatafika kwa mpishi yakiwa yamepungua nusu. Yangu ilisomeka hivi:

“Nina ugonjwa wa siliaki. Nitaugua nikila ngano, shayiri au rai, hata kwa kiasi kidogo sana. Siwezi kula unga wa ngano, mkate, chenga za mkate, tambi, sosi ya soya ya kawaida, mchuzi uliotiwa unga, wala chakula kilichokaangwa katika mafuta yaliyokaangia vitu hivyo. Ninaweza kula wali, viazi, mahindi, mayai, nyama, samaki, mboga na matunda yasiyoongezwa kitu. Tafadhali tumia sufuria, ubao, kisu na kijiko safi. Kama huna uhakika, niambie. Nitakula kitu kingine.”

Sentensi mbili za mwisho ndizo ninazozithamini zaidi. Mpishi akipewa ruhusa ya kusema hajui, atasema, akinyimwa, atabahatisha. Mpe mtu anayeijua lugha vizuri akutafsirie kadi hiyo kwa Kiingereza, na pia kwa lugha ya kila nchi ambako meli itatia nanga. Kwa pwani ya Msumbiji ni Kireno. Tafsiri ya simu inafaa kwa dharura tu, kwa kuwa inaweza kugeuza shayiri kuwa kitu kingine bila wewe kutambua.

Pamoja na kadi, beba barua ya daktari yenye muhuri. Itakusaidia kwenye ukaguzi wa mizigo mtu atakapouliza kwa nini mtu mzima anabeba chakula kama anayepeleka mtoto bweni.

Hatua ya nne: funga chakula cha njiani

Safari yenyewe huanza muda mrefu kabla ya meli. Treni ya umeme iliyoanza kutoa huduma kati ya Dodoma na Dar es Salaam mwaka 2024 imetuondolea adha ya kukaa kutwa nzima ndani ya basi na kusimama njiani kwa dakika chache ambamo kila mtu hukimbilia chipsi na chapati. Hata hivyo, vitafunio vinavyouzwa safarini mara nyingi ni vya unga wa ngano. Panda ukiwa na chakula chako. Mimi hubeba viazi vitamu vilivyochemshwa, mayai ya kuchemsha na karanga nilizokaanga mwenyewe, nami hula vyote kabla ya kufika uwanja wa ndege.

Kwenye ndege, agiza mlo maalumu usio na gluteni unaotambulika kwa alama ya herufi GFML, na uagize angalau siku mbili kabla. Ukiletewa, soma karatasi iliyobandikwa juu. Mara moja niliwekewa mlo sahihi kabisa ukiwa na bonge la mkate wa kawaida pembeni, kwa kuwa mhudumu aliona trei yangu haina mkate akanionea huruma.

Kwa ajili ya siku za melini, chukua vitu vikavu vilivyofungwa kiwandani: biskuti zisizo na gluteni ukizipata, korosho, ubuyu usiopakwa unga, tende. Katika maduka makubwa tafuta alama ya suke la ngano lililokatwa kwa mstari ndani ya duara, ambayo huwekwa kwenye bidhaa zilizothibitishwa. Usidanganywe na maandishi ya kwamba bidhaa haina ngano, kwa maana inaweza kuwa na kimea cha shayiri. Usibebe matunda mabichi, nyama, maziwa wala asali kutoka nyumbani, hata kama ni asali ya Kondoa au Singida yenye sifa zake, kwa sababu nchi nyingi hukamata vitu hivyo mpakani, na meli nazo kwa kawaida hazikubali chakula kilichopikwa nyumbani.

Hatua ya tano: saa nne za kwanza melini

Hapa ndipo wengi huharibikiwa. Abiria hupanda adhuhuri wakiwa na njaa, vyumba havijawa tayari, na kila mtu huelekezwa sitaha ya juu kwenye bafe. Bafe ya siku ya kwanza imejaa watu kuliko ya siku nyingine yoyote, na wahudumu wake ndio kwanza wanaanza zamu. Usiiguse. Kula ulichobeba, kisha nenda moja kwa moja kwenye ukumbi mkuu wa chakula ukamwombe mkuu wa ukumbi. Jitambulishe, mpe kadi, mwonyeshe jibu la maandishi la kampuni, na umuulize mambo matatu: nani atachukua oda zako, jikoni mlo wako utatayarishiwa sehemu ipi, na kama unaweza kuagiza leo chakula cha kesho.

Swali hilo la mwisho ndilo lililobadilisha safari yangu. Melini ni desturi kwa mwenye mzio au ugonjwa kama wetu kuletewa jioni orodha ya vyakula vya siku inayofuata, akachagua, na jikoni wakapata usiku mzima wa kujiandaa: mchuzi wake hutengwa kabla ya kutiwa unga, samaki wake huwekwa kando kabla ya kuvingirishwa katika unga. Mlo ulioagizwa jana huwa umetayarishwa kwa ajili yako, lakini mlo unaoombwa papo hapo huwa ni wa wote ulioondolewa kitu.

Mhudumu wetu alikuwa kijana wa Kilifi, na nilipomsikia akimwita mwenzake kwa Kiswahili nilijisikia nimefika nyumbani. Nilimweleza kila kitu kwa lugha yetu. Alinisikiliza, akatabasamu, akasema, “Nimeelewa, dadangu, ila mpishi wa zamu anatoka Ufilipino na msaidizi wake India. Nipe ile kadi.” Alikuwa na hekima kuliko mimi. Kuelewana na anayekuletea sahani hakumsaidii anayepika.

Hatua ya sita: mlo kwa mlo

Kifungua kinywa kina mitego midogo midogo. Mayai ya kuvurugwa yaliyopikwa kwa wingi huweza kuongezwa mchanganyiko wa chapati za maji ili yavimbe, kwa hiyo omba mayai ya kukaanga au ya kuchemsha. Soseji nyingi zina unga au chenga za mkate. Nafaka za boksi, hata za mahindi, mara nyingi huongezewa kimea cha shayiri. Oti hazina gluteni ya ngano kwa asili yake, lakini mara nyingi hulimwa na kusagwa pamoja na ngano, kwa hiyo ziache isipokuwa zimethibitishwa kuwa hazina gluteni. Toasta ya pamoja usiitumie hata kwa mkate wako mwenyewe. Kwenye meli inayotoka Afrika Kusini utakuta jambo la kufurahisha: ugali wa mahindi, wenyewe wanaouita pap, huliwa asubuhi. Niliuliza ulikopikiwa, nikajibiwa kwamba una sufuria yake, nikala kila siku.

Chakula cha mchana hushawishi watu kwenda bafe kwa kuwa wanatoka kwenye bwawa la kuogelea na hawataki kuvaa rasmi. Ukumbi mkuu ukiwa wazi mchana, nenda huko. Ukiwa huna budi kula bafe, nenda dakika ile inapofunguliwa, kabla kijiko chochote hakijahama, na umwombe mpishi aliyesimama nyuma ya meza akupakulie kutoka kwenye sufuria iliyoko ndani, si kwenye sinia lililoko mbele ya watu. Nilimwona kwa macho yangu mzee mmoja mwenye heshima zake akichota saladi ya ngano iliyopondwa, kisha kwa kijiko hichohicho akachota saladi ya viazi, akakirudisha kijiko taratibu mahali pa tatu. Ilimchukua kama sekunde tano, na sinia tatu zilikuwa zimeharibika. Kumbuka pia kwamba wale vijana wanaokupulizia dawa mikononi mlangoni wanafanya kazi nzuri dhidi ya vijidudu vya kuharisha, lakini dawa hiyo haiondoi chenga za mkate vidoleni. Nawa kwa sabuni na maji.

Chakula cha jioni, ukiwa umekiagiza jana yake, ndicho salama zaidi. Mambo ya kuangalia ni mchuzi mzito, supu za krimu, nyama iliyolowekwa katika sosi ya soya, na ile nyama ya kaa ya bandia ambayo hushikizwa kwa wanga wa ngano. Sahani ikifika, uliza tena kabla ya kugusa: “Hii ni ile isiyo na gluteni?” Katika meli na hoteli nyingi vifaa vya wenye mizio hutengwa kwa rangi ya zambarau, na sahani inaweza kuja na kibendera au kifuniko chake. Mhudumu akigundua kosa, usimruhusu aondoe tu kile kipande cha mkate kilichowekwa juu ya supu na kukurudishia bakuli lilelile. Omba kwa upole supu mpya, na ukitaka kuwa na uhakika, acha alama ndogo kwenye sahani ya zamani.

Sasa nieleze kosa langu. Usiku wa siku ya pili, mimi na dada tulikaa sitahani hadi saa tano, na kibanda cha vitafunio kilikuwa kikiuza chipsi. Viazi na chumvi, nikajiambia, vitanidhuru nini? Nilimuuliza kijana kama chipsi zina ngano, akasema hazina. Sikumuuliza zimepitia wapi. Nilikuwa nimekwisha kula nusu ya boksi nilipogeuka na kumwona akitumbukiza katika mafuta yaleyale vipande vya samaki vilivyovikwa unga. Miaka minne ya kuuliza kila karai la Dodoma, na nikanaswa kwa sababu nilikuwa likizoni. Siku ya tatu yote niliimaliza chumbani kwa tumbo na uchovu unaoufanya mwili uwe mzito kama gunia lililolowa, na siku ya nne nilikuwa mtu wa nusu. Kanuni niliyojiwekea ni kwamba sitakula chochote cha kukaanga mahali ambapo sijaonyeshwa mafuta yake.

Kuhusu vinywaji sina mengi. Bia ya kawaida hutengenezwa kwa shayiri, kwa hiyo haifai. Divai ya zabibu ni salama, nami nilimweleza jirani yangu wa mezani, ambaye hakuamini, kwamba Dodoma tuna mashamba ya mizabibu na tunavuna mara mbili kwa mwaka. Soda, kahawa na chai ni salama, ila kahawa za mashine zenye ladha uziulize.

Hatua ya saba: mnaposhuka nchi kavu

Matembezi ya pwani huuzwa pamoja na chakula cha mchana, na chakula hicho hakisimamiwi na jikoni la meli. Uliza siku moja kabla kinachotolewa na nani anapika. Ukipewa mkate uliofungwa ndani ya boksi kama ilivyo kawaida, kataa na ule chako. Pwani ya Msumbiji ina chakula kitakachokukumbusha kwetu: ugali wao wa mahindi, na matapa, ambayo ni kisamvu kilichopondwa na kupikwa kwa karanga na tui la nazi. Kamba na samaki wa kuchoma ni wazuri, lakini uliza sosi ya pilipili imechanganywa na nini, na uombe samaki wako ageuzwe kwa koleo safi kwenye sehemu ya wavu ambako mikate haikupashwa moto. Mimi niliwaomba waweke karatasi ya foili chini ya samaki wangu. Mama mpishi alinitazama kama anayeona mgonjwa wa kichwa, akasoma kadi ya Kireno mara mbili, kisha akaleta foili na sufuria mpya, na hakunitoza zaidi.

Ukiugua licha ya tahadhari

Hakuna dawa ya kuiondoa gluteni iliyokwisha kumezwa. Kunywa maji kwa wingi pamoja na chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, ambazo ni rahisi kununua katika duka lolote la dawa mjini Dodoma kabla ya kuondoka. Kula vitu vyepesi kama wali laini na ndizi, na upumzike. Meli ina zahanati, lakini malipo yake huwa makubwa, kwa hiyo kata bima ya safari inayotaja ugonjwa wako waziwazi. Ukipewa vidonge, hata vya kuzuia kichefuchefu cha bahari, uliza kama wanga uliotumika kuvitengeneza umetokana na ngano. Kama unatapika bila kukoma, una damu kwenye choo, au homa inapanda, usijitibu kwa kudhani ni gluteni. Ndani ya meli kuna magonjwa ya kuharisha yanayoambukiza, na daktari anapaswa kujua.

Mwambie pia mkuu wa ukumbi kilichotokea, siku hiyohiyo, bila ugomvi. Mimi nilimweleza habari ya chipsi, na jioni yake kibandani palikuwa pamebandikwa tangazo kwamba mafuta ni ya pamoja.

Asubuhi ya kushuka, ukumbi mkuu hufunguliwa mapema na kufungwa mapema, na watakaochelewa hupelekwa bafe. Agiza kifungua kinywa chako usiku uliotangulia, omba ufungiwe mayai mawili ya kuchemsha na matunda ya kula kabla ya kutoka getini, na ukumbuke kuagiza upya mlo wa ndege ya kurudi, kwa sababu agizo la kwenda halihesabiki kwa kurudi. Mimi nililisahau hilo, nikala korosho kutoka Durban hadi Dar es Salaam, na usiku huo nyumbani nikasonga ugali wa uwele saa sita.